Yoti ya mita 8 imekaa nchi kavu misimu miwili: tuanze wapi kabla ya kuishua?

Omo_Mbele

Habari za humu wakuu.

Mimi na mume wangu tumenunua yoti ndogo ya mita 8. Bodi ni ya faiba, mkuku ni wa chuma cha kusubu uliofungwa kwa bolti, matanga ni tanga kuu na tanga moja la mbele la kuviringisha. Injini ni dizeli ya silinda moja inayopozwa kwa maji ya bahari, shafti na propela ya kawaida. Chombo kimekaa juu ya vihimili misimu miwili, kimefunikwa turubai. Mlingoti umeshushwa, umelazwa pembeni na nyaya zake za kuushikilia zimefungwa juu yake.

Aliyetuuzia anasema hakuna kazi: pakeni rangi ya chini, wekeni betri, shueni. Kreni tumeshaipangia siku na si mbali, na tunafanya kazi wenyewe siku za mapumziko tu. Kusafiri kwa tanga tunajua, tumejifunzia kwenye vyombo vya watu, ila kuandaa chombo chetu ni mara ya kwanza.

Niliyoyaona mpaka sasa: koki ya choo, ile iliyotoboa bodi, haizunguki kabisa. Nyingine mbili zinazunguka kwa shida. Zinki ya kwenye shafti, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya shafti na propela, imebaki kama nusu. Rangi ya chini inabanduka vipande vipande. Nyaya za mlingoti zinang'aa, ila umri wake sijui. Ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kuna maji kidogo, nadhani ya mvua. Injini sijaigusa.

Swali langu ni la mpangilio. Kazi ni nyingi na siku ni chache. Kipi hakiwezi kungoja, na kipi kinaweza kufanywa chombo kikiwa tayari majini? Mume wangu anataka tuanze na kung'arisha sitaha na kushona upya mito ya ndani, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Mimi roho inaniambia tuanze chini.

Chelezo

Hongereni kwa chombo, dada. Isikilize hiyo roho. Sitaha mtaing'arisha hata mkiwa mmefunga gatini. Kilicho chini ya maji hamtakigusa tena mpaka kreni ijayo.

Nitasema la rangi tu, wenye ujuzi wa mengine watakuja. Hiyo inayobanduka msiipige msasa mkavu. Rangi ya chini imetengenezwa iwe sumu kwa viumbe vya bahari vinavyojishikiza kwenye bodi, ina shaba ndani yake, na vumbi lake si la kuvuta. Tena kama chombo ni cha zamani, matabaka ya ndani yanaweza kuwa na TBT, ile sumu ya bati iliyowadhuru chaza wa ghuba ya Arcachon hadi Ufaransa ikaizuia kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, wa kuipiga marufuku ulipitishwa 2001 na ukaanza kutumika 2008. Kwa hiyo lowanisheni, kwangueni, tandikeni turubai chini na mabaki myakusanye yote. Vaeni barakoa yenye chujio, miwani na glavu.

Si lazima kufika kwenye faiba tupu. Kinachobanduka kitoke, kilichoshika kibaki, kingo zilainishwe kwa msasa wa maji, halafu rangi ya kufungia, halafu rangi mpya. Someni kopo: rangi nyingi hutaja muda wa chini na wa juu wa kukaa nchi kavu kabla ya kuingia majini, kwa hiyo usipake mapema ukadhani umejiwahi.

Mkikuta malengelenge kwenye faiba, toboeni moja. Likitoa maji yenye harufu ya siki, basi maji yameshaingia kwenye faiba. Machache hayazamishi chombo, pigeni picha na myafuatilie msimu ujao. Na zinki isiguswe na rangi hata tone, ikipakwa haifanyi kazi.

FundiTezi

Dada, salaam kwako na kwa shemeji.

Nimefanya kazi kwenye yadi za boti muda mrefu, na mpangilio ndilo swali lenyewe. Wangu ni huu na siubadilishi kwa chombo chochote: kwanza kinachoweza kukizamisha, pili kinachoweza kuangusha mlingoti, tatu kinachoweza kuwasha moto, nne injini. Vingine vyote vinangoja.

Basi anzeni na koki. Tundu la milimita 38, ambalo ni la kawaida kwa choo, likiwa nusu mita chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ndogo ya umeme ya ngamani iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa, hata ikitoa zote ilizoandikiwa, inatoa lita 33 kwa dakika. Mwonyeshe shemeji hesabu hiyo, naamini mito ataipeleka mwisho yeye mwenyewe.

Koki isiyozunguka mimi siihesabu kuwa koki. Siku mpira wa maji uliofungwa juu yake ukipasuka hamna cha kufunga. Lakini hata zile mbili zinazozunguka msiziamini kabla hamjajua ni za madini gani. Shaba ya manjano ya kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi huila ile zinki polepole, ikabaki shaba tupu yenye vitundu visivyoonekana: umbo lile lile, nguvu hakuna. Kwa macho tu huwezi kujua. Chukua kisu, kwangua sehemu ndogo kwenye shingo ya koki, kisha nenda nje ukwangue na kichwa cha bomba kinachotokeza kwenye bodi. Ukikuta manjano safi, ni nzima. Ukikuta wekundu wa waridi, hasa kwa madoadoa, imekwisha. Bronzi yenyewe ina rangi ya kahawia kwa asili yake, hiyo usiichanganye na ugonjwa. Halafu gonga kwa nyundo ndogo. Nzima inalia, iliyoliwa inatoa sauti butu.

Ukimaliza koki shika mpira ulio juu yake, ukunje kwa mikono miwili. Ukionyesha nyufa, utoke. Klipu ziwe mbili kila mwisho pale ambapo shina ni refu vya kutosha. Zilegeze kidogo uzitazame kwa chini, maana mkanda unaweza kung'aa juu ilhali kwenye meno ya skrubu umeshaliwa na kutu. Na pembeni ya kila koki kifungwe kwa uzi kizibo cha mti laini kilichochongwa kwa ncha, cha ukubwa wa tundu lile lile. Kisiwekwe kwenye droo. Kifungwe pale pale, kwa kuwa utakitafuta gizani, maji yakiwa magotini.

Mkiwa chini huko, shikeni propela muitikise juu na chini. Beringi ya mpira inayobeba shafti ikicheza wazi mkononi, wakati wa kuibadilisha ni sasa. Fanyeni vivyo hivyo kwa usukani. Zinki iliyofika nusu inatoka, msibishane nayo. Shafti isuguliwe ing'ae mahali zinki mpya itakapokaa, maana zinki isiyogusa chuma kitupu hailindi kitu. Kwa maji ya chumvi zinki ni sawa, alumini pia ni sawa na inafaa hata pale mto unapoingia baharini. Magnesi ni ya maji baridi tu.

Sasa mlingoti, na mna bahati umelala.

Kung'aa kwa waya si kipimo. Waya wa kawaida wa yoti ndogo una nyuzi 19: mmoja katikati, 6 unaouzunguka, 12 nje. Mara nyingi haukatiki katikati ya safari yake. Hukatika pale unapoingia kwenye kichwa cha chuma kilichobanwa, na hasa kile cha chini, kwa sababu maji ya chumvi huteremka na waya na kutuama humo. Stenlesi inahitaji hewa ili isiliwe, na ndani ya upenyo ule hewa haifiki. Chukua pamba kavu, ipitishe juu ya waya wote taratibu, na unapokaribia kichwa nenda polepole zaidi. Uzi uliokatika utaishika pamba kabla macho yako hayajauona. Halafu kwa tochi na kioo cha kukuzia tafuta ufa unaokwenda kwa urefu wa kichwa chenyewe, au mstari mwembamba wa kutu unaotoka ndani.

Uzi mmoja ukikatika, waya huo haurudi juu. Na kama umri haujulikani, hakuna risiti wala kumbukumbu, mimi nabadilisha zote. Makampuni mengi ya bima huanza kuuliza maswali nyaya zikifika miaka 10. Gharama ya nyaya inauma, lakini linganisha na gharama ya mlingoti, tanga na mtu aliyekaa chini yake.

Mengine ya mlingoti ni ya haraka. Makapi ya kileleni, zile roda za kamba, yazunguke kwa kidole. Ncha za mikono ya mlingoti zifunuliwe utepe wa zamani, kwa kuwa chini ya utepe ndipo maji yanapojificha. Taa ya kileleni na waya wa antena zipimwe kabla mlingoti haujasimama. Henza, yaani kamba za kupandishia matanga, zikichakaa, msichomoe kabla hamjaunga uzi mwembamba nyuma yake wa kuvutia mpya. Pini zote ndogo za kukunja ziwe mpya, hazirudiwi.

Matanga nitayataja kwa neno moja: uzi. Jua huumaliza uzi wa mshono kabla ya kitambaa. Pitisha ukucha kwenye mshono wa ukingo wa nyuma na kwenye ule utepe wa kukinga jua wa tanga la mbele. Ukikatika kwa ukucha, upepo hautauonea huruma. Hilo la kushona upya shemeji analiweza, na litamfaa kuliko mito.

Bisho

Mkuu FundiTezi umeeleza vizuri, ila kwenye koki iliyoganda sikubaliani. Si lazima kuitupa. Mafuta ya kupenya usiku kucha, joto kidogo, kisha vika bomba kwenye mpini uongeze urefu. Nimeona nyingi zikifunguka hivyo na zikatumika misimu mingi.

FundiTezi

Bisho, heshima yako. Kama ni koki ya bronzi ya aina ya zamani, ile yenye kiini cha mshazari kinachofunguliwa na kusuguliwa, nakubali kabisa: fungua, safisha, paka unga wa kusugulia, zungusha mpaka ikae sawa, grisi, rudisha. Hizo zinaishi kuliko sisi. Lakini koki nyingi za yoti ndogo ni za tufe la chuma linalozunguka ndani, na ukizivika bomba kinachokatika ni shina, ama, vibaya zaidi, shingo ya bomba lililotoboa bodi, ikapata ufa ambao hutauona mpaka chombo kiwe majini. Nguvu ile inakwenda kwenye sehemu ambayo bado hatujajua kama ni nzima. Kisu kwanza, bomba baadaye.

Omo_Mbele

Nashukuru sana nyote. Nimerudi na majibu ya kisu.

Koki ya choo: waridi, shingo nzima. Nilipokwenda nje nikagonga kichwa chake kwa nyundo ndogo, ukingo ukavunjika kama biskuti na ndani ni waridi tupu, hakuna manjano hata chembe. Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu. Hakusema neno, alikwenda akaleta karatasi tukaanza kuandika orodha mpya.

Koki ya kuingizia maji ya injini: madoa ya waridi kwenye shingo, nje bado manjano. Koki ya sinki ni ya kahawia, inalia vizuri ikigongwa, inaonekana iliwekwa baadaye na mtu mwingine.

Nyaya: pamba imeshika kwenye waya wa ubavu wa kushoto, chini kabisa, kidogo juu ya kichwa. Kwa kioo naona uzi mmoja wa nje umekatika na ncha yake imeinuka. Kulia hakuna kitu.

Maswali mawili. Koki mpya ziwe za nini? Na injini, kwa kuwa sasa muda umepungua zaidi, tunaweza kuiacha tukashua tukitegemea kuvutwa mpaka gatini?

FundiTezi

Umefanya kazi safi, dada. Kipande hicho kilichovunjika kitunzeni, mkimwonyesha mtu mwingine anayesema koki zake zinang'aa ataelewa bila maneno.

Za choo na injini zitoke zote mbili, pamoja na mabomba yake yaliyotoboa bodi, si koki peke yake. Wekeni bronzi, au ile shaba ya manjano iliyotengenezwa maalumu isipoteze zinki, au plastiki ya baharini iliyotiwa nyuzi za kioo. Bomba na koki vitoke kwa mtengenezaji mmoja, kwa sababu ya meno ya kufungia. Meno ya bomba yakiwa sambamba na ya koki yakiwa ya kuchongoka, vitashikana mizunguko michache tu na kwa mkono utadhani vimekaza. Ndani ya bodi pawe na bamba imara la kuegemea, la faiba na epoksi, na gundi iwe ya kuzibia ya baharini, si silikoni ya bafuni. Acheni ikauke kwa muda ulioandikwa. Hapo ndipo siku zenu chache zitakapobana, kwa hiyo hii iwe kazi ya kwanza mkirudi yadini.

Waya wa kushoto umekatika, wa kulia ni pacha wake, umri mmoja na mzigo mmoja. Badilisheni zote, mniwie radhi kwa gharama. Pelekeni nyaya zenyewe kwa mtengenezaji akapime, msimpelekee vipimo vya utepe.

Injini msiiache. Chombo chenye tanga bila injini kinaweza kusafiri, lakini siku ya kushua, katikati ya vyombo vya watu na upepo wa pembeni, injini ndiyo breki yenu. Na silinda moja haina mambo mengi.

Kwanza dizeli. Imekaa misimu miwili, kwa hiyo chota kutoka chini kabisa ya tangi kwenye chupa angavu uiache itulie. Maji yatakaa chini, na ukiona uteute mweusi mpakani mwa maji na mafuta, hao ni vijidudu wanaoishi hapo. Tangi litolewe mafuta na kusafishwa, maana mawimbi ya kwanza yatautikisa huo uchafu uende filtani, na injini itazimika pale pale unapoihitaji. Badilisha filta zote za mafuta, badilisha oili na filta yake, kisha toa hewa kwenye mfumo kwa skrubu zake, ukianzia karibu na tangi ukielekea injini, mpaka mafuta yatoke bila povu.

Pili, impela ya pampu ya maji, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji. Weka mpya hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Ila ukiitoa ya zamani ihesabu mabawa. Likikosekana moja, lipo ndani ya injini, kwenye njia ya maji, na lazima litafutwe kabla hujafunga, la sivyo injini itachemka na hutajua kwa nini.

Tatu, kabla ya kupiga stata izungushe kwa mkono ukiwa umeinua kile kimkono cha kutoa mgandamizo, uhakikishe haijaganda.

Na hili lisikilize vizuri, limeua injini nyingi nzuri. Unapopiga stata, pampu ya maji inazunguka pia, na maji yanajaa kwenye sailensa ya ekzosi. Injini ikiwaka, moshi unayasukuma nje. Isipowaka na wewe ukiendelea kupiga na kupiga, sailensa inajaa, maji yanarudi nyuma yakaingia silindani. Basi kama haiwaki upesi, funga koki ya maji ya injini, endelea kupiga kwa vipindi vifupi, na mara tu inapowaka fungua koki. Mtu mmoja awe kwenye stata, mwingine mkono wake uwe juu ya koki. Baada ya kuwaka, wa tatu atazame ekzosi: maji yatoke kwa kutema, mara kwa mara. Yasipotoka, zima.

Betri: ikae bila kuchajiwa kwa saa kadhaa kisha pima. Ya asidi iliyojaa inasoma volti 12.7 hivi, nusu ni 12.2, na 12.0 imebaki kama robo. Iliyokaa misimu miwili bila chaji sitaitegemea.

MamaJoshi

Mwanangu, hongera, na mpe pole mwenzio kwa orodha. Wanaume hawa wamekueleza chombo, mimi nakueleza watu waliomo ndani.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Propani ni kama mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi ikatoka, inashuka ngamani ikatulia, inangoja cheche ya pampu au ya stata. Mpira wa gesi una tarehe juu yake, ukishapita miaka 5 ubadilishe. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote mtungi ukiwa wazi, tafuta mapovu. Na sanduku la mtungi lina tundu la kutolea gesi nje ya bodi, hakikisha halijazibwa na buibui wala rangi.

Jaketi okozi za kujijaza: fungua kila moja, toa chupa ya gesi, ipime kwenye mizani. Uzito wa chini umepigwa chapa kwenye chupa yenyewe, ikipungua imevuja. Jaketi ijaze kwa pampu, iache mpaka kesho yake. Ikilegea si jaketi tena. Ukiifunga chupa ikaze kwa mkono barabara, maana hulegea yenyewe kwa kutikisika.

Fataki za ishara ya hatari kwa kawaida hudumu miaka 3 hivi, kwa hiyo za chombo kilicholala zitakuwa zimepita au zinakaribia. Msizifyatue kuzijaribu na msizitupe takatakani, ulizeni zinapopokewa. Kama mmekuta kile kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti, tazameni masafa yake. Cha 406 MHz ndicho kinachosikika, na kisajiliwe upya kwa jina lenu, maana leo wakipokea ishara watampigia simu aliyewauzia. Cha zamani cha 121.5 MHz peke yake setilaiti ziliacha kukisikiliza tarehe 1 Februari 2009.

Nanga: tandazeni mnyororo wote nchi kavu, pingu kwa pingu. Pini ya shakili, kile chuma cha kuunganisha mnyororo na nanga, ifungwe kwa waya isijifungue. Mwisho wa mnyororo ufungwe chomboni kwa kamba, si kwa shakili, ili siku ya haraka kisu kiweze kuwaachanisha.

Omo_Mbele

Asante mama, asante kaka zangu. Koki mpya zimekaa, gundi imekauka, nyaya zimeshatengenezwa. Injini inazunguka kwa mkono. Uteute mweusi ulikuwepo kweli, tangi lilitolewa likasuguliwa. Mabawa ya impela yalitimia. Jaketi moja ililegea kufikia asubuhi, tumeiondoa.

La mwisho: siku ya kreni yenyewe tukae vipi? Tunaogopa dereva ataharakisha.

FundiTezi

Zungumzeni na dereva kabla ya siku, mwambieni mnataka chombo kining'inie kidogo kabla ya kushuka na kikae kwenye mikanda kikiwa majini. Dereva mzuri anaelewa. Asiyetaka, ombeni saa nyingine.

Kikiinuliwa, jambo la kwanza ni pale mkuku unapoungana na bodi. Kikiwa kimesimama juu ya mkuku, uzito unaufumba ufa. Kikining'inia, mkuku unavuta chini na ufa unafumbuka. Tazameni hasa sehemu ya mbele ya kiungo. Ufa mwembamba kwenye rangi ya kujazia peke yake si ajabu. Ukiona pengo ambalo ncha ya kisu inaingia, au maji ya kutu yanatoka, kirudishwe kwenye vihimili na bolti zikaguliwe. Hata kama kila mtu anangoja. Wakati huo huo pakeni rangi zile sehemu zilizokuwa chini ya vihimili.

Koki zote zifungwe kabla ya kushuka. Kikielea, mikanda isilegezwe. Wewe na shemeji shukeni ndani na tochi. Mmoja kwenye koki, anafungua moja, anapapasa kwa kidole kikavu kuzunguka bomba, viungo na klipu, akiridhika anafungua ya pili. Mwingine kwenye shafti. Kama kinachozuia maji hapo ni pakingi ya kamba, ikidondosha tone moja moja msiikaze, itavimba ikilowa. Mtairekebisha injini ikiwa imefanya kazi: matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na ikipata joto mkononi mmeikaza mno, ilegezeni. Kama ni ile ya mpira isiyodondosha, ibinyeni mpaka hewa itoke na maji kidogo yaje, ndipo ilainishwe na maji. Washeni injini mkiwa bado kwenye mikanda, tazameni ekzosi, ingizeni gia mbele kidogo na nyuma kidogo. Hapo ndipo mnampungia dereva mkono.

Msiondoke chomboni siku hiyo mkaenda mbali. Tochi ngamani baada ya saa moja, kabla ya kulala, na alfajiri. Ngama mmeshaikausha kwa kitambaa, kwa hiyo tone lolote ni jipya na lina mahali lilikotoka. Onjeni. Likiwa na chumvi, fuateni njia yake mpaka mwisho.

Mlingoti mkiusimamisha, kazeni nyaya kwa usawa, kisha lala chali chini yake utazame juu kwa mfereji wa tanga: uwe umenyooka, usiegemee upande. Safari ya kwanza iwe ya upepo wa wastani, mpige bisho, yaani mkwende kwa kuukabili upepo, chombo kikilala nyuzi 15 hadi 20 tazameni nyaya za upande wa demani, ule upepo unakoelekea. Zikining'inia ovyo, rudini gatini mkaze nusu mzunguko kila upande, mjaribu tena. Mkiridhika, wekeni pini mpya na muzifunge utepe.